Maji Kwanza, Maua Baadaye

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka pwani, na karibu zote zinauliza kupanda nini. Nitajibu zaidi za miji ya kale, maana huko mti ukikosewa huvunja ukuta wa watu. Wenye kuuliza dawa ya minazi inayokauka wanisubiri toleo lijalo.

*

Shikamoo Bi. Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa, Mji Mkongwe, Unguja, upande wa bahari. Tuna kiwanja baina ya nyumba za zamani na ukuta wa bahari, urefu wake kama hatua sitini, upana ishirini na ushei. Mchana yanaegeshwa magari; jioni wazee wanacheza bao chini ya mti wa mkungu, na watoto wanaruka baharini maji yakijaa. Amejitokeza mfadhili anataka kututengenezea bustani: majani ya kijani kote, safu mbili za mitende ya mapambo, vitofali vya saruji, na chemchemi katikati. Kwenye mchoro wake mkungu haupo. Nakuambatishia mchoro. Tumjibu nini? – Katibu, Mji Mkongwe

Marahaba, mwanangu. Mchoro nimeutazama. Rangi zake nzuri, watu waliochorwa humo wamevaa vizuri, na hakuna hata mmoja anayecheza bao. Lakini kilichonishtua ni kwamba hauna hata mshale mmoja unaoonesha maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Mjibuni kwa adabu kwamba mnashukuru, na mnaomba kwanza mchoro wa maji. Bustani itafuata.

Msimsubiri yeye kuyajua maji yenu. Unguja inanyeshewa kama milimita 1,600 kwa mwaka, na sehemu kubwa humiminika baina ya Machi na Mei. Siku ya mvua ya masika, watu wawili watoke na miavuli na kipande cha mkaa. Watie alama ukutani pale maji yanaposimama, waangalie paa la nani linamwagia wapi, na mtaro upi unarudisha maji badala ya kuyapeleka. Saa moja ya kulowa hivyo itawafundisha zaidi kuliko mchoro wa kompyuta.

Sababu ni hizo nyumba zenu. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na zinanyonya maji kutoka chini. Maji yakipanda ndani ya ukuta yanabeba chumvi. Yakikauka juu, chumvi inabaki, inaganda punje punje nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ibanduke. Ukisakafia kiwanja chote kwa saruji, mvua iliyokuwa ikizama kwenye mchanga itatafuta pengine pa kuzama, na mahali pa karibu ni msingi wa nyumba ya jirani. Kwa hiyo uso wa kiwanja uteremke kutoka kwenye nyumba kwenda baharini, hata kama ni mteremko usioonekana kwa macho. Kandokando ya kuta za nyumba acheni ukanda wa kokoto tupu, upana wa mkono mmoja, maji yazame na ukuta upumue. Wala msijenge vitalu vya maua vilivyogusa ukuta. Naona mchoro umevipanga kandokando ya nyumba zote! Kitalu kinachomwagiliwa kila jioni ni masika ya mwaka mzima kwa ukuta ule. Mwenye kutaka asumini au mrehani mlangoni pake apande kwenye debe au chungu, kama walivyofanya bibi zetu.

Upande wa pili mna ukuta wa bahari, na hapo ndipo pesa ya mfadhili ingefanya kazi ya maana. Watu hudhani adui wa ukuta ule ni wimbi linalopiga mbele. Wimbi lina yake, lakini kuta nyingi huanguka kwa sababu ya maji yaliyonaswa nyuma. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, ikiwa kubwa, Unguja bahari hupanda na kushuka karibu mita nne. Maji yakipwa haraka, mbele ya ukuta panabaki patupu, na nyuma udongo bado umeloa na mzito, unasukuma. Ukuta unahitaji vitundu vya kutolea maji, na nyuma ya kila kitundu changarawe iliyopangwa kwa ukubwa, kubwa mbele na ndogo nyuma, ili maji yatoke na mchanga usitoke. Bila hiyo changarawe mchanga huibwa kidogo kidogo kila maji yanapopwa, chini ya vitofali panakuwa na pango, na siku moja gurudumu la gari linazama mbele ya macho ya watu. Hapo Mizingani, upande wa bahari wa Mji Mkongwe, ukuta wa zamani ulishaanza kubomoka vipande, mpaka ukajengwa upya miaka ya 2010 katika mradi wa huduma za miji uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sasa pale watu wanatembea jioni, na wengi hawajui kwamba kazi kubwa ya bustani ile imezikwa chini ya miguu yao.

Sasa mkungu. Usikatwe. Najua unaangusha majani, tena mekundu, tena mengi, na kuna mtu kwenye kamati yenu amechoka kufagia. Mpeni ufagio mpya. Mti ule unavumilia chumvi na upepo wa bahari, matawi yake yanatanda kwa mlalo kama ghorofa, na kivuli chake kimekwishapimwa na wazee wa bao kwa miaka: wanajua saa kumi kinafika wapi. Mbunifu mwenye akili huanzia hapo. Msiongeze udongo kuzunguka shina, msisakafie chini ya matawi, na magari yazuiwe kwa mawe makubwa yaliyozikwa nusu, maana magurudumu yanashindilia ardhi na mizizi inakosa hewa. Baraza ya wazee ijengwe juu ya nguzo fupi za mawe zilizoachana, zipite katikati ya mizizi bila kuikata. Hiyo ni kazi ya fundi mmoja na mtu wa kuchimba kwa mkono. Mashine isikaribie.

Mitende ya mapambo kwenye safu mbili itawapa vivuli vyembamba kama vya nguzo za umeme. Na kama mtu atasema basi tupande minazi, mwambieni achague mapema nani atakaa chini yake nazi zikikomaa. Mkitaka mti wa pili na wa tatu, pandeni mtondoo. Ni wa pwani yetu, una kivuli kizito, majani hayaungui kwa chumvi, na mafundi wa vyombo vya baharini wanazijua mbao zake. Tatizo lake ni kwamba hauna haraka. Atakayeupanda atakalia kivuli cha mkungu, na mjukuu wake atakalia cha mtondoo.

Majani ya kijani kote, hapana. Ukoka unahitaji maji matamu kila siku wakati wa kiangazi, na maji matamu kwenye mji ule yana watu wanaoyasubiri kwa ndoo. Kisima kando ya bahari nacho ukikivuta sana kinageuka chumvi. Tengeni kipande kidogo cha ukoka pale watoto watakapokaa baada ya kuoga, upande wa ukuta wekeni ule mtambaazi wa ufukweni wenye maua ya zambarau, mlakasa, ambao huishi kwa umande na shida, na palipobaki pawe mchanga na kokoto za kawaida. Bao huchezwa vizuri juu ya mchanga.

Chemchemi? Muulizeni mfadhili pampu ikiungua nani atainunua. Akinyamaza, mwombeni bomba la maji lenye sinki la mawe, watoto wajisuuze chumvi.

Kabla jembe halijagusa chini, mchoro upelekwe Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na kuchimba mtaro hapo si sawa na kuchimba mtaro shambani. Mkikuta vigae vya vyungu au msingi wa zamani, simamisheni kazi mwite wajuzi. Wafadhili hukasirika kucheleweshwa, lakini hukasirika zaidi wakiambiwa wabomoe.

*

Bi, asalaam aleikum. Mimi ni mtoto wa Unguja, naishi Muscat miaka mingi. Nilipokuwa mdogo Forodhani ilikuwa bustani kweli. Nilipokwenda nikakuta taa, njia mpya, wachoma mishikaki wamepangwa kwa safu. Imependeza, sikatai, lakini kwa nini hawakuirudisha ilivyokuwa ilipojengwa? – Mwana wa Shangani, Muscat

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Swali lako zuri, ila hebu niambie: irudishwe ilivyokuwa lini?

Bustani unayoikumbuka ilianza mwaka 1936, ilipoadhimishwa miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Harub, ndiyo maana wazee waliiita ya Jubilii. Kabla ya hapo palikuwa pahala pa mizigo na forodha, mpaka shughuli za bandari zilipohamia Malindi miaka ya 1920. Karibu na Ngome Kongwe ilianzia reli ya Bububu, iliyojengwa 1905. Agosti 27, 1896 mizinga ya Waingereza ilipiga pembeni tu hapo kwa muda usiotimia saa nzima, na majumba ya kifalme yakawa kifusi. Lile tao la baharini nalo unalolidhani la zamani sana liliwekwa 1956 kwa ajili ya ziara ya Princess Margaret. Kila mtu ana Forodhani yake, na kila moja imekaa juu ya nyingine.

Kazi iliyokamilika 2009 chini ya taasisi ya Aga Khan Trust for Culture ilifanya kitu ninachokiunga mkono: haikuchagua mwaka mmoja wa kuugandisha. Ilibakiza kibanda cha muziki na miti mikubwa, ikarekebisha ukuta wa bahari, mifereji na taa, na ikawapa wapishi eneo lao. Hilo la wapishi ndilo muhimu kuliko yote. Kuna watu wanadhani bustani ya kihistoria ni ile isiyo na moshi. Mimi nasema pweza na urojo wa Forodhani ni historia yenye haki sawa na tao la binti mfalme. Tena inalisha familia.

Ninalolilalamikia ni dogo, na si la Forodhani peke yake. Mafuta ya kukaangia. Yakimwagwa kwenye mtaro wa mvua huganda ndani, mtaro huziba, mvua ikija maji hurudi juu. Kila bustani ya pwani yenye wapishi inahitaji karo ya kunasa mafuta kabla ya mtaro, na mtu anayelipwa kuisafisha kwa ratiba. Haipigwi picha na hakuna anayekata utepe mbele yake, kwa hiyo kwenye bajeti nyingi hukatwa ya kwanza.

Ukija tena usiku, kaa upande wa baharini, mgongo wako uwe kwa taa. Itazame Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani: sehemu yake pamoja na mnara wa saa iliporomoka Disemba 25, 2020. Jengo la 1883, lililosimama baada ya mizinga, liliangushwa na uchakavu na unyevu uliofanya kazi kimyakimya. Kwa hiyo nikisema maji kwanza sichezi.

*

Bibi, salamu kutoka Lamu. Kikundi chetu cha vijana kimepata miche ya mikoko mia kadhaa. Tunataka kuipanda mbele ya mji, kandokando ya gati, ili izuie mawimbi na kupendezesha. Wazee wa vyombo wanatukatalia. Nani yuko sahihi? – Kijana wa Langoni

Wazee.

Nisikuache na neno moja, maana nia yenu njema. Mbele ya mji wa Lamu ni mahali pa kazi. Majahazi na mashua hufunga pale, mizigo hushuka, punda husubiri. UNESCO ilipouandika mji wenu 2001 haikuandika mawe peke yake. Iliandika mji unaoishi. Ukipanda msitu kwenye gati umefunga mlango wa nyumba ili kuzuia vumbi.

Halafu kuna jambo la mti wenyewe. Vikundi vingi hupanda mkoko ule wenye miguu mirefu, kwa kuwa mche wake ni rahisi: unauchomeka tu kwenye tope na picha inapigwa. Lakini huo ni mti wa ndani kidogo, penye tope tulivu. Anayekaa mbele kabisa kuikabili bahari ni mlilana, aina nyingine ya mkoko, na huyo mbegu zake ni ndogo, zinahitaji kitalu na subira. Ukiuweka ule wa miguu mirefu mahali pa mlilana, miche itasombwa au itafunikwa na chaza wadogo na kufa, nanyi mtasema bahari ina laana.

Mfano mzuri upo Kilwa Kisiwani. Magofu yale yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na mmomonyoko wa ufuo ulikuwa sehemu ya sababu. Karibu na Gereza, ile ngome ya kale, walijenga kuta za mawe za kukinga ufuo na wakapanda mikoko panapoweza kuota, vyote viwili kwa pamoja, na 2014 magofu yakatolewa kwenye orodha hiyo. Angalia mpangilio: ukuta pale penye jengo la kulindwa, mikoko pale penye tope na utulivu.

Kwa hiyo miche yenu pelekeni kwenye vijito nje ya mji, mahali mikoko iliyokatwa zamani bado ina visiki. Penye kisiki tope limekwishajibu swali lako. Na mbele ya mji, kama mnataka kufanya jambo la kupendeza, jengeni hori la maji na kivuli kwa ajili ya punda, sakafu yake iwe ya mawe yaliyochongwa makwaru, wasiteleze. Sijaona mchoro hata mmoja wa kupamba pwani ya Lamu uliomkumbuka punda, na bila yeye hakuna mfuko wa saruji unaofika popote mjini humo.

*

Bi, nasomea mipango miji Dar es Salaam. Mwalimu wetu anasema mivinje ya ufukweni ni mti mgeni, ing'olewe yote. Wewe unasemaje? – Mwanafunzi, Upanga

Mwalimu hajakosea kuhusu asili yake: mvinje umetokea Asia ya Kusini-Mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki. Vijani vyake hutandika zulia ambalo chini yake hapaoti kitu, na mchanga ukiliwa na bahari mti mzima hulala kifudifudi. Lakini usimame siku moja ya Januari bila kivuli kwenye barabara ya baharini, saa nane mchana, halafu urudi uniambie habari ya kung'oa yote. Mvinje unaishi penye chumvi na mchanga usio na rutuba, kwa msaada wa vijidudu vya mizizini vinavyoutengenezea naitrojeni. Hakuna mti wetu utakaojaza nafasi ile kwa mwaka mmoja.

Panda mitondoo na mikadi kwenye mapengo leo. Ikifika kimo cha mtu, toa mvinje mmoja mmoja, uanze na iliyoinama. Mbao na nguzo wauzie mafundi. Andika hivyo kwenye mtihani wako na kama mwalimu atakunyima maksi, nitumie jina la somo, si lake.

*

Bi mkubwa, mimi ni fundi. Nimepewa kazi ya kuta fupi za bustani na mabaraza mbele ya nyumba ya zamani, Mombasa, Mji wa Kale. Mwenye nyumba anataka saruji na nondo zidumu. Nishike lipi? – Fundi, Kibokoni

Fundi, wewe unajua jibu, unataka tu mtu wa kumwonesha mwenye nyumba. Haya, muoneshe hapa.

Nondo karibu na bahari huota kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Ukuta wa bustani wa kimo cha goti hauhitaji nondo hata moja. Saruji nayo ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipitishi unyevu, kwa hiyo jiwe ndilo linalooza na saruji inabaki kama ganda tupu. Lipu ya saruji kwenye nyumba ya zamani ibanduliwe, isiongezewe.

Tumia chokaa iliyolowekwa siku nyingi, fungu moja kwa mafungu matatu ya mchanga wa shimoni. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi. Kwa mistari ya chini inayofikiwa na rasharasha za bahari, chokaa peke yake haitashika vizuri penye maji. Changanya na vumbi la matofali ya kuchoma yaliyosagwa. Tandika lipu nyembamba mara tatu kuliko nene mara moja, na kila tabaka lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa, maana jua la pwani likiikausha haraka itapasuka nyufa kabla mwenye nyumba hajarudi kutoka kazini. Baraza iteremke kidogo kuelekea nje, maji yasirudi kwenye ukuta wa nyumba, na baina ya baraza na ukuta acha mwanya wa kidole uliojazwa chokaa laini, ili kila kimoja kicheze kivyake.

Akilalamika kwamba chokaa inachukua muda, mwambie bei ya lipu ya kurudia mara mbili. Na vaa miwani unapozima chokaa ya moto. Mafundi wengi ninaowajua wana jicho moja jekundu.